Kadi Ikifungwa ili Mwenye Nayo Aitike

Wenzangu, swali la safari hii linaonekana dogo. Benki inataka kuongea na mteja wake. Imemtumia ujumbe, kimya. Imepiga simu, namba haipatikani. Je, ni halali, na je ni busara, benki kuizuia kadi yake ya ATM ili siku akikwama mashineni aje mwenyewe tawini au apige simu? Wengi wetu hapa chuoni tutajibu fasta kwamba hapana, hela ni yangu, kadi waiache. Mimi pia mwisho wa makala hii nitaegemea huko, lakini si kwa sababu hiyo, na si kwa kila hali. Upande wa benki nao una hoja ambayo ukiisikiliza vizuri inakufanya ukune kichwa.

Nitatumia sana mifano ya kwetu, Lulindi, wilaya ya Masasi, pale chini ya uwanda wa juu wa Makonde, ambako ukipandisha mlima unaelekea Newala. Sababu si upendeleo tu. Mkulima wa korosho wa ukanda ule ni mteja wa benki wa aina yake. Akaunti yake inalala karibu mwaka mzima, halafu kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, hela inaingia kwa mkupuo. Chama cha msingi, yaani AMCOS, kinakusanya korosho, chama kikuu kinauza (MAMCU kwa upande wa Masasi, TANECU kwa Newala na Tandahimba), na malipo yanapitia benki. Kanuni yoyote ya kadi ikifaa kwa mtu huyu, itatufaa hata sisi wa bweni. Kinyume chake si lazima kiwe kweli.

Tuanze na sheria. Watu wengi hudhani ukiweka laki tano benki, zile noti zako zimekaa mahali zinakusubiri. Sivyo. Kesi ya Foley dhidi ya Hill, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1848, ilisema wazi: hela uliyoweka imekuwa ya benki, na benki imekuwa mdaiwa wako. Wewe ni mdai. Kesi hiyo inatuhusu kwa sababu sheria yetu ilipokea misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Wa sheria mwaka wa kwanza mnaijua tarehe hiyo kama jina lenu. Nyuma zaidi, mwaka 1830, kuna Marzetti dhidi ya Williams. Mfanyabiashara alikuwa na salio la kutosha, hundi yake ikakataliwa, kesho yake ikalipwa. Hakupoteza kitu cha kupimika. Mahakama bado ilisema benki imekosea na anastahili fidia, hata kama ni ya jina tu. Kukataa kumlipa mtu mwenye salio ni kosa lenyewe, kabla hujahesabu hasara.

Sasa weka kadi mahali pa hundi. Kadi ni namna ya mdai kusema "nilipe". Benki inapoifunga ili umtafute, ni mdaiwa anayemwambia mdai wake: sikulipi mpaka kwanza uje tuongee. Fikiria jirani yako aliyekukopa elfu hamsini akujibu hivyo. Mtaani tungemwita jina ambalo mhariri hataliruhusu hapa.

Benki itajibu, na jibu lake lipo kwenye ile fomu uliyosaini bila kusoma. Fomu nyingi zinasema kadi ni mali ya benki na inaweza kusimamishwa. Zaidi ya hapo, benki itasema: hatujakataa kukulipa, tumefunga mlango mmoja tu, mlango wa tawini uko wazi, njoo na kitambulisho uchukue hela yako. Hoja hii ina nguvu kwa mwanafunzi ambaye tawi liko nje ya geti la chuo. Kwa mtu wa Lulindi tawi liko Masasi mjini. Ni nauli ya kwenda na kurudi, ni siku nzima ya kazi, na wakati wa masika ni barabara ambayo haijulikani leo imeamkaje. Akifika anakuta foleni, na akiwa na bahati mbaya anaambiwa mtandao uko chini. Kwa karatasi mlango uko wazi. Kwa miguu hauko wazi.

Hapa inabidi tutenganishe mambo, maana watu tunayachanganya yote na kuyaita "kadi imefungwa". Ukikosea namba ya siri, kwa kawaida mara tatu, mashine inajifunga yenyewe; hiyo inamlinda mwenye kadi dhidi ya aliyeiokota. Ukipiga simu kwamba kadi imepotea, benki inafunga kwa amri yako. Kuna amri ya mahakama au ya vyombo vya uchunguzi, ambayo benki haina la kuchagua. Kuna akaunti iliyolala kwa sababu haijaguswa muda mrefu. Na kuna pale benki inapoona muamala usioeleweka, mfano kadi ya mama wa Newala ambaye hajawahi kutoka mkoani inajaribu kulipia kitu mtandaoni usiku wa manane katika nchi asiyoijua. Hizi zote zina sababu nje ya "tunataka kuongea nawe". Hoja yetu ni ile ya mwisho kabisa, ambapo hakuna wizi wala amri, kuna taarifa tu zinazotakiwa kuhuishwa, na kadi inafungwa iwe kengele.

Kwa nini benki zinataka taarifa kiasi hicho? Si umbea. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inazitaka zimjue mteja wao, na si siku ya kufungua akaunti tu. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakasishaji, na ilitoka Juni 2025. Katika kipindi kama hicho benki hubanwa, na benki ikibanwa inambana mteja. Ukiona ujumbe wa "huisha taarifa zako" ujue nyuma yake kuna afisa ambaye naye ana mkubwa wake anayemuuliza mafaili mangapi yamekamilika.

Na pale penye shaka ya kweli mahakama huipa benki nafasi. Bwana Shah, mfanyabiashara aliyekuwa na shughuli Zimbabwe, aliishtaki HSBC jijini London akidai zaidi ya dola milioni 300 kwa sababu benki ilichelewesha malipo yake ikishuku utakasishaji. Mwaka 2012 alishindwa. Lakini angalieni kilichoilinda benki: shaka iliyokuwepo na taarifa iliyopelekwa kwa mamlaka. Haikulindwa kwa kusema "tulitaka tu atupigie".

Hoja nzito ya benki ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya nisiandike makala ya kulalamika. Ni kwamba kwa mteja wa kijijini kadi ndiyo kitu pekee kinachomfikia. Namba ya simu aliyoandikisha mwaka alipofungua akaunti ilikuwa ya mtoto wake, mtoto kaenda Dar es Salaam, laini imekufa. Sanduku la posta ni la shule ya msingi. Barua pepe hana. Ila kila msimu, bila kukosa, anakuja mashineni na kadi. Kama kuna mtu anamwibia taratibu, au kama taarifa zake zina kasoro itakayomzuia kulipwa kabisa baadaye, utamwambiaje? Kadi kukataa ni ujumbe ambao hata asiyejua kusoma anauelewa.

Nikaongeza na hili. Kuna walimu na watumishi ambao kadi zao ziko mifukoni mwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo ya kausha damu. Mkopeshaji anashika kadi na namba ya siri, mshahara ukiingia anachota yeye kwanza. Siku benki ikiifunga kadi hiyo na kutaka mwenye nayo aje kwa sura yake, anayelia ni mkopeshaji. Kwa hiyo siwezi kusema kufunga kadi kila mara kunamuumiza mteja. Kuna mara kunamkomboa.

Lakini tuna uzoefu wa nchi nzima wa kuona nini hutokea unapomzimia mtu huduma ili aje. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukiwa 31 Desemba 2019. Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020, ndipo laini zikaanza kuzimwa kwa awamu. Ili usajili ulihitaji kitambulisho cha NIDA au angalau namba yake. Mnakumbuka foleni. Watu walikuwa wanalala nje ya ofisi, na wengi walikuwa wameshajaza fomu zamani, wanasubiri namba itoke. Yaani mwananchi alikuwa ameitika kitambo. Aliyekuwa hajaitika ni mfumo. Kitisho cha kuzimiwa hakikuifanya ofisi ya wilaya itoe namba haraka kuliko uwezo wa mashine na watumishi wake. Kiliongeza tu urefu wa foleni.

Nadhani hapo ndipo kipimo kilipo. Kufunga kitu ili mtu aje kunafanya kazi pale kinachomzuia ni uzembe wake. Kama kinachomzuia ni umbali, kitambulisho kisichotoka, au jina lililoandikwa "Issa" huku na "Isa" kule, kumfungia hakumsogezi hata hatua moja.

Kwetu tuna mfano mchungu zaidi, wa msimu wa 2018. Oktoba mwaka ule minada ilipofunguliwa wanunuzi walikuja na bei za chini ya shilingi 3,000 kwa kilo na wakulima wakagoma kuuza. Novemba 12 Rais akatangaza Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na jeshi likaenda kubeba. Bei ilishangiliwa. Kisha ukaja uhakiki. Serikali ilikuwa na hofu ya kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima nje ya mfumo kwa bei ya kutupa halafu wanaiuza kama yao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kangomba wapo na kila familia ya Kusini ina hadithi yao. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 wakaambiwa mashamba yao lazima yahakikiwe kabla ya kulipwa.

Tazama muundo wake: hela ya mtu inazuiwa, si kwa sababu amepatikana na kosa, bali ili ajitokeze athibitishe kuwa ni yeye. Ndiyo swali letu la kadi, ila kwa ukubwa wa mikoa. Na matokeo? Waliokuwa kangomba baadhi walikamatika, sawa. Lakini mkulima halali mwenye ekari zake za baba na babu naye alisubiri timu ifike. Malipo yaliburuzwa hadi 2019 na bado kukawa na watu wanadai. Januari ni ada. Baadaye ni palizi, halafu salfa ya kupulizia mikorosho. Asiye na hela ya palizi anaikopa, na anayemkopesha mara nyingi anataka alipwe kwa korosho ya msimu unaofuata, kwa bei anayoitaja yeye. Huyo ndiye kangomba mwenyewe. Kumzuilia mtu hela ili kumdhibiti kangomba kulimpeleka mtu huyo huyo mlangoni kwa kangomba.

Ndiyo maana nasema wakati una uzito sawa na sababu. Kadi iliyofungwa mwezi Juni kwa mkulima wa Lulindi inaweza isigundulike hata. Kadi hiyo hiyo ikifungwa Novemba, siku mbili baada ya malipo kuingia, ni mtoto kurudishwa shuleni. Benki inajua kalenda ya korosho vizuri kuliko mimi, maana inaona salio likipanda.

Sisi wanafunzi tuna toleo letu, na huku hatulalamiki sana kwa sababu tumezoea. Bumu haliingii mpaka usaini. Bodi ya Mikopo inataka uthibitishe kwamba upo chuoni, unasoma, hujaacha, na asiyesaini kwa wakati hela yake inarudi Bodi. Kuna waliokuwa wanachukua bumu huku wameshaondoka chuoni, kwa hiyo saini ina maana. Kwa nini hii inavumilika na ile ya benki haivumiliki? Naona tofauti tatu. Tarehe inatangazwa, kila darasa linajua, CR anapiga kelele kwenye kundi mpaka unachoka. Pa kusaini ni hapo hapo chuoni. Na bumu ni mkopo unaopewa, wakati salio la akaunti ni hela unayoidai. Toa moja ya hizo uone kelele zitakazopigwa. Mwaka ambao mfumo unagoma siku ya kusaini, ofisi ya serikali ya wanafunzi haikaliki.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alikuta kadi yake imezuiwa katikati ya mitihani ya UE. Hakuwa amepata ujumbe wowote. Alipofika tawini aliambiwa taarifa zake zinahitaji kuhuishwa, akajaza karatasi moja, dakika kama kumi, kadi ikafunguliwa. Dakika kumi! Ila siku mbili alikula kwa hisani ya wenzake. Aliyefunga kadi ile pengine hakuwahi kujua kwamba upande wa pili kuna mtu anaomba chipsi kavu za mkopo.

Sasa niguse jambo ambalo naona benki hazilipi uzito, nalo ni matapeli. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii". TCRA hutoa takwimu za majaribio ya utapeli kila robo mwaka, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa kuongoza kwa laini zinazotumika. Mbinu ya tapeli ni ileile siku zote: kukutia hofu kwamba kitu chako kimefungwa au kitafungwa, kisha kukupa namba ya kupiga. "Akaunti yako imesitishwa, piga namba hii tukufungulie."

Sasa benki nayo ikifunga kadi na kusubiri mteja apige simu, inamfundisha nini? Inamfundisha kwamba ujumbe wa aina hiyo unaweza kuwa wa kweli. Mzee wa Chiungutwa ambaye mwaka jana kadi yake ilifungwa kweli, akapiga simu, akaulizwa maswali, ikafunguliwa, mwaka huu akipigiwa na kijana mwenye sauti ya ofisini atataja kila anachoulizwa. Benki zenyewe hutangaza kila siku kwamba hazitakuuliza namba ya siri kwa simu. Tangazo hilo linapambana na zoea ambalo benki hiyo hiyo imelijenga. Kwangu mimi hii ndiyo hoja inayoangusha mizani. Sheria ya 1848 tunaweza kubishana nayo, fomu uliyosaini inaweza kuipindua. Lakini mpango wa usalama unaowazoesha wateja kuitikia hofu ni mpango unaofanya kazi ya tapeli bure.

Kwa hiyo msimamo wangu: penye dalili ya wizi, funga, funga sasa hivi, uulize baadaye, mteja atakayekasirika ni bora kuliko mteja aliyekombwa. Penye amri ya sheria, hakuna mjadala. Penye karatasi tu, usifunge. Kadi yenyewe inaweza kubeba ujumbe bila kunyima hela. Mashine ya ATM ina kioo. Mteja anapoingiza kadi, kioo kiandike kwa Kiswahili kwamba kabla ya tarehe fulani afike tawi lolote na kitambulisho, halafu impe hela yake. Wakala naye, ambaye yupo hadi vijijini, apewe uwezo wa kumwambia na ikibidi kupokea taarifa hizo. Orodha ibandikwe AMCOS, pale pale ambapo watu husoma bei ya mnada, bila kutaja salio la mtu wala shida yake; tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na hili si suala la kubahatisha. Na kama yote yameshindikana miezi kadhaa, basi punguza kiwango cha kutoa kwa siku, kibaki cha unga, dawa na nauli ya kuja tawini. Nauli hasa. Kumfungia mtu hela yote halafu kumtaka asafiri kilomita kadhaa kuja kuifungua ni jambo ambalo sijui nani alilipitisha kwenye kikao.

Kuna atakayesema haya yanagharimu. Ni kweli, ila gharama haitoweki ukifunga kadi, inahamia kwa mteja tu. Nigeria ilikwenda mbali zaidi: benki kuu yao iliagiza kwamba kuanzia Machi 2024 akaunti zisizo na namba ya utambulisho ya kibenki au ya taifa zizuiwe, hela isitoke wala isiingie. Kwa nchi inayopambana na akaunti hewa naielewa shabaha. Ila hata huko agizo lilikuwa la wazi na tarehe yake ilitangazwa miezi mitatu kabla, Desemba 2023. Kinachofanyika kimya kimya, kwa mteja mmoja mmoja, hakina hata utetezi huo.

Kwa atakayekutwa na hili leo au kesho, mambo machache ya kufanya. Usipige namba yoyote uliyotumiwa kwa ujumbe; tumia ile iliyoandikwa nyuma ya kadi au nenda tawini. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Tawini uliza swali moja kabla ya kujaza chochote: kadi imezuiwa kwa sababu gani, na nani ameagiza? Omba jibu kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili yenye muhuri. Andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, uweke nakala. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kuyapokea na kuyashughulikia. Usiporidhika, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu ya Tanzania, na kwa wa kwetu Kusini si lazima Dar es Salaam, Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini. Kutoka Masasi ni kama kilomita 200 kwa basi, kwa hiyo anza na barua.